Kiganja Kimoja Juu

Mwezi Mei. Bwawa la Amakhoh limenywea
hadi limefanana na karai la mwashi.
Nimepanda dunguni kabla ya mapambazuko
na chupa ya maji, na darubini yenye jicho moja bovu,
na daftari la idara lenye safu zake nne:
saa, idadi, jinsia, mwelekeo.
Safu ya kicho hakuna.

Tumbili ndiye aliyeanza.
Kho! Mara moja tu, kama mtu anayekohoa ukweni.
Kulungu akagonga ukwato chini.
Kisha tausi wakanyamaza,
na tausi akinyamaza, hiyo ni taarifa.

Akaja kinyumenyume.
Ndivyo aingiavyo majini Bhurwa, dume la bonde hili:
mkia, matako, kiuno, polepole,
maana hajaupa msitu mgongo tangu apate akili.
Shingo kama gunia la mpunga.
Sikio la kushoto limechanika.
Akaketi, maji yakapanda hadi kwapani,
akafumba jicho moja.

"Sukarti, umemwona?" Lamtu, redioni.
Sikujibu.

Mimi namjua tangu vita.
Misimu miwili ya mvua nyuma alimwua Katkan, dume mzee,
pale kwenye kivuko cha mianzi,
na wiki ileile akawamaliza watoto watatu wa marehemu.
Niliwaokota mimi. Niliwaandika mimi:
saa, idadi, jinsia.
Safu ya nne nikaiacha tupu.
Mama yao, Tilwari, aliita usiku sita.
Baadaye akamfuata huyuhuyu.
Nilimchukia jike yule, nasema kweli,
kama vile angenitaka ushauri.

Leo ndiye huyo anatoka kwenye mianzi,
na nyuma yake wanne,
nyayo kubwa kuliko miguu, miguu mikubwa kuliko akili.
Nikabana pumzi.
Mmoja akaonja maji, akapiga chafya.
Wa pili akamrukia baba yake mkia,
akauuma, akauvuta, akaangukia matopeni.
Bhurwa akafungua kinywa.
Meno yale nimeyaona yakiwa na kazi.
Akapiga mwayo.
Mtoto akamlamba kidevu.

Kijiji chetu kilikuwa hapo, nyuma ya mihua mitatu.
Jiwe la mama la kusagia bado lipo, limeota kuvu.
Walikuja na ramani na kalamu nyekundu,
na mpaka wao ukapitia jikoni kwetu.
Bhurwa mpaka wake anaunyunyiza mkojo,
mti kwa mti, usiku kwa usiku,
mvua ikiufuta anarudi kuanza upya.
Hana siku ya mapumziko. Kumbe ufalme nao ni kibarua.
Baba, tulipokuwa tunapakia vyungu kwenye trekta,
watu wakimlaani chuimilia, alisema tu:
"Mwacheni. Yeye hajui kusoma."

Jua lilipolegea nikashuka, nikachukua baiskeli.
Penye msaji wa mtoni nikasimama, kama kila siku,
kutazama kucha zake.
Alama za Bhurwa nazijua: mistari minne, mmoja umepinda,
juu ya kichwa changu kwa mkono mzima.

Leo juu ya hizo kulikuwa na nyingine.
Utomvu bado mbichi, ukanigandia vidoleni.
Nikapanda juu ya fremu ya baiskeli, nikapima:
kiganja kimoja. Kiganja changu, si cha mtu mkubwa.

Nyuma yangu, bwawani, watoto walikuwa wanagombania mfupa,
na ile sauti nzito ya baba yao, isiyo ya hasira,
ikawa inawaambia basi, basi.

Nikafungua daftari juu ya goti.
Saa: kumi na moja na robo.
Idadi: sita.
Nikakata sita, nikaandika saba.
Jinsia: dume.
Mwelekeo

nikakaa na kalamu hadi giza likaingia kwenye mistari,
ndipo nikaandika: anakuja.