Kilo Ishirini na Mbili

Jumanne aliniletea raketi tatu.
"Ishirini na tano, fundi. Kaza."
Nikazikaza nyuzi hadi zikalia kama sahani ya kaure.
Robo fainali: Kinyamagoha, sita-moja, sita-mbili.
Mpinzani hakupata hata nafasi ya kutoa jasho,
na Februari hapa Upanga jasho hutolewa bure.

Alhamisi akarudi. "Ishirini na tatu."
Pesa alinipa kwa mkono wa kushoto,
binti aliyefunzwa kwao Iringa adabu ya kutoa.

Mimi si daktari. Nafunga nyuzi
kwenye kibanda nyuma ya choo cha wanaume,
mashine ya mtumba, feni yenye mabawa mawili.
Lakini kiwiko kikiuma, raketi ndiyo husema kwanza:
mwenyewe huomba nyuzi zilegee,
mpira uondoke wenyewe, mkono usiulizwe.

Klabu nzima inatabiri.
Mama Sikujua wa supu anampa kombe Wasfi, yule Mmisri,
kwa sababu anakunywa supu bila kuipuliza.
Bwana Fernandes ana daftari: sevu za kwanza, asilimia,
makosa ya bure, upepo.
Waokota mipira wanatabiri kwa viatu.
Ngonyani wa getini ana mkeka kwenye simu,
mechi saba; sita zimeshajibu.

Nusu fainali, Ijumaa: nne-sita, saba-tano, saba-sita.
Iandike ubaoni kwa chaki, hutaona kitu.
Hutaona alivyofuta kiganja kwenye sketi
mara tisa kabla ya sevu moja,
wala mpira uliogusa wavu, ukasimama juu
kama mgeni anayesita kubisha hodi,
kisha ukaangukia kwa Mzimbabwe.
Madzima alicheka,
kicheko cha mtu aliyekuta duka limefungwa.
Kunguru kwenye nguzo ya taa hawakushtuka.
Wao hawajawahi kukosea utabiri:
husubiri mabaki.

Jumamosi jioni. "Ishirini na mbili," akasema.
Akafika mlangoni, akageuka.
"Fundi. Usimwambie mtu."

Usiku akaja Ngonyani, simu imepasuka kioo.
"Wewe ndiye unayewashikia silaha. Nani kesho?"
Hakuficha kwamba ada ya mwanawe imo humo.
Ningesema sijui, angeelewa.
Ningenyamaza, angeelewa zaidi.
"Kinyamagoha," nikasema. "Seti mbili."
Nikainama, nikajifanya natafuta mkasi
ulio mkononi mwangu.

Fainali: Wasfi, sita-mbili, saba-tano.

Hiyo tano naomba uisome polepole.
Alikuwa chini tano kwa bila.
Akaanza kusevu kwa chini,
kama mtu anayewamwagia kuku mtama.
Jukwaa likacheka.
Gemu moja. Gemu mbili.
Wasfi anakimbilia wavu, anachelewa, anakimbilia tena.
Gemu ya tatu hakuna aliyecheka,
ya nne Bwana Fernandes akafunga daftari,
na ilipotimia tano kwa tano
Mama Sikujua aliacha sufuria ikafurika hadi moto ukazimika.

Kisha ikawa saba. Basi.
Mkeka ulichanika bila sauti, ndani ya simu.

Tangu hapo nikimsalimia Ngonyani
anaitikia geti.
Sijamweleza. Siri niliyopewa si yangu kuilipia deni,
ingawa naona wazi ni nani aliyeilipia.

Jumatatu binti alileta raketi moja, nyuzi kazikata mwenyewe.
"Wiki ijayo Kigali," akasema, mkono umefungwa bandeji,
sasa mbele ya watu wote.
"Ngapi?"
Akafikiri kama anayechagua kitambaa.
"Kumi na tisa."

Ngonyani alikuwa amesimama palepale, anasikia.
Hakuuliza chochote.
Nikavuta uzi wa kwanza,
nikaupiga kwa ukucha, nikasikiliza.