Furu wa Bibi Nkwimba

Shangazi Holo alinitumia sauti, upepo wa Kayenze ukikwaruza simu:
"Furu kiganja kimoja. Karanga za kutwanga, usizipeleke mashineni.
Maji ya majivu ya matete, kidogo tu,
yakizidi utalia. Na chungu kiwe cha udongo."

Chungu sina. Nina sufuria, na mtungi wa gesi,
ghorofa ya pili Kirumba,
na jirani anayeuliza nachoma matete barazani nina nini.

Mwaloni nilifika alfajiri.
Dagaa milima kwa milima,
mabondo ya sangara yakipimwa kama dhahabu.
"Furu?" muuzaji akanitazama. "Mama, sangara kashawamaliza
wewe hujaota meno."
Kisha akapekua chini ya gunia:
wanne, wakavu, wembamba kuliko kidole changu.
"Hawa walijificha mawemawe."

Nikatwanga. Nikachuja majivu mara mbili kwa kipande cha kanga.
Mchuzi ukaja na rangi ile,
rangi ya maji ya ziwa baada ya mvua,
nikasimama na mwiko, nikiogopa kuonja.

Ulimi ukawaka.
Shija akauliza kama kuna chipsi.

Usiku nikampigia shangazi.
"Majivu yamekaba koo."
"Ukwaju uliweka?"
"Hukuniambia ukwaju."
Kimya. Mbwa wa Kayenze akabweka mahali.
"We mtoto," akasema,
"nani huambiwa ukwaju?"