Hodi kwa Ukuta

Mashine tuliipandisha Mkomani kwa punda,
kichochoro hakina nafasi ya gari wala ya haraka.
Mvua ya siku tatu. Ghorofa ya kina Shee Kupi
imeilalia nyumba ya Bi Somoe.

Niliyasoma haya Mombasa: mawimbi mafupi,
ndugu wa yale yanayopasha wali moto,
hupenya jiwe, hugusa kifua cha mtu,
hurudi na habari: kimepanda, kimeshuka.
Sura hayaleti. Jina hayaleti.
Ukuta mkavu ni kazi nyepesi; huu wa matumbawe umelowa,
na maji huyanywa mawimbi kabla hayajafika.

Tena waliojenga hapa walijenga dhidi yangu.
Tekani waliipinda makusudi,
jicho la mpita njia ligonge chokaa, lirudi kwao.
Chumba nyuma ya chumba, na ndani kabisa
pale ambapo hata shemeji haingii.
Nyanya yangu alinifunza: hodi mara tatu,
usipoitikiwa geuka uende zako,
hata ukisikia sufuria inatokota.

Nikaegemeza antena.
Nikasema hodi, kimoyomoyo, mara moja tu,
nikawasha.

"Yu peke yake," majirani walikwisha niambia.
"Mjane. Hata kuku hafugi."

Kioo kikanyamaza dakika nne.
Kisha mstari ukatikisika, mzito, wa taratibu.
Kisha kando yake, hata pima moja haifiki,
mwingine.
Si wa mtoto. Si wa paka.

Nyuma yangu kichochoro kizima ni shingo.
Famau, sururu begani: "Waona n'ni?"

Mkono wangu ulinitangulia:
ulivuta mtandio, ukafunika kioo.

"Yu hai," nikasema. "Chimbeni kwa mikono.
Machela mbili, moja ya akiba.
Na asiyechimba arudi barazani."

Usiniulize nani alitoka wa pili.
Alfajiri ilikuwa bado,
na vumbi la chokaa humfananisha kila mtu na mwenziwe.
Fomu ya ofisi ilitaka idadi. Nikaandika mbili.
Mahali pa maelezo nikaandika: mvua.

Bi Somoe alipopitishwa mbele yangu
alinishika kifundo cha mkono, kucha zimejaa udongo.
"Wameona?"

"Ukuta wako mnene, Bi," nikamwambia.
"Mnene sana."