Kwa Figo Yangu Iliyohamia kwa Mhina

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Wewe jembe ulishikishwa pale pale mezani:
hawajamaliza hata kushona,
mkojo wa kaka ukaanza kutiririka kwenye mpira,
na daktari, wanasema, akacheka ndani ya barakoa.

Miezi saba umelima bila kusimama.
Miezi saba, na bado unadaiwa barua ya utambulisho.

Leo Bombo wametupa karatasi: kreatini imepanda.
Mhina miguu imemjaa, viatu kavishika mkononi
kutoka maabara hadi Barabara ya Kumi na Nne.
Nesi Mwanshamba alituchorea nyuma ya bahasha:
chembe hizi walinzi, hizi wapelelezi,
wanapita nyumba kwa nyumba, wanapapasa kuta,
wanasoma majina milangoni.
Lako wamelisoma.
Si jina la humu.

Nilitaka kusema: ni la humu!
Mama mmoja, baba mmoja,
titi moja tuliligombania.
Damu nzito kuliko maji, tulilelewa hivyo;
kumbe ni hiyo hiyo damu nzito
iliyokwenda kumgongea mlinzi usiku.

Siwachukii. Ni walinzi wale wale
waliomtoa Mhina kwenye surua,
waliopigana na usaha wa kidole
alipochomwa na mwiba wa mkonge, Pongwe, tungali watoto.
Hawakufundishwa zawadi.
Walifundishwa neno moja: huyu si wetu.

Ndiyo maana tunawalewesha.
Saa mbili asubuhi, saa mbili usiku, vidonge,
wasinzie, ila si usingizi wa pono,
maana wakilala fofofo
hata kikohozi cha jirani kitaingia na kukalia kitanda.

Juzi kati Mhina aliruka dozi, siku tatu mfululizo.
Hela ya dawa ililipa ada ya Kilua.
Akaninyamazia.

Usiku naweka kiganja ubavuni, penye kovu,
ulipokuwa ukikaa. Pako wazi.
Mwenzio wa kulia amenenepa, anafanya kazi ya wawili,
wala hakuulizii.

Kesho wanamlaza, sindano za mshipa siku tatu.
Figo, jikunyate. Usijibu kwa kiburi.
Wakija na tochi waambie unapita tu,
hata ikiwa miaka ishirini,
unapita tu.