Mrehani wa Dundee

Mbegu zilitoka bahasha moja.
Moja niliipanda dirishani, jikoni,
moja kwa Morag, kwenye kijishamba chake
nyuma ya reli, penye upepo wa mtoni usio na adabu.

Wa jikoni ukarefuka kama mgonjwa aliyelala sana:
majani mapana, laini, ya kupendeza machoni.
Ukiyafikicha, majimaji. Harufu ya nyasi zilizonyeshewa.

Wa Morag ulidumaa. Majani madogo, makavu,
yamekunjamana kama uso wa mdai.
Ukiyagusa tu, karafuu inakurukia puani.

Jumatatu nikayakamua yote kazini.
Mashine huchora vilima kwenye karatasi:
hiki cha limau, hiki cha kafuri,
na pale pa karafuu,
kwa ule wa jikoni, tambarare.
Kioo hupitisha mwanga, huzuia ukali wake,
na jani lisilochomwa na jua halioni sababu ya kujikinga;
vifuko vyake vya mafuta hubaki vitupu
kama mifuko ya watoto Idi ikishapita.

Nikamweleza Hanuni mezani. Ana miaka sita,
hajawahi kutoka Uskoti.
"Ka-rrra-fuu," akasema,
ulimi ukiiviringisha r kama mtaani kwao,
r ambayo mimi sijui niliipanda lini.

Sikumsahihisha.
Nilifungua dirisha, nikausogeza mche
hadi ukingoni, nje, kwenye baridi ya Julai.
Ukatetemeka.
Nikaufunga kwa kamba ya kiatu, usianguke.