Kisima cha Tatu

Kabla ya kumwagilia, onja.
Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu ya kwanza, Disemba ile,
shule zimefungwa, kaunti imetuandika vijana sita,
mia nne kwa siku,
katika bustani ya umma nyuma ya Langoni,
pale palipokuwa jaa,
ambapo ukichimba hadi leo utatoa ndara ya mguu mmoja,
kizibo, kigae, jino la punda.

Visima ni vitatu.
Cha kwanza ni cha bamia. Bamia haina adabu, hunywa chochote.
Cha pili, maji yake ukiyaweka ulimini, ngoja kidogo,
chumvi huja kwa nyuma, kama mgeni aliyesahau kitu.
Cha tatu ndicho cha tungule na mipapai.
Lakini kaskazi ikishavuma visima hubadili tabia,
kwa hiyo kila alfajiri Bi Barke hunipa kata,
akaniangalia koo.
"Haya, weye. Nena."
Nasema: kitamu. Nasema: kimekolea.

Siku moja nilisema kitamu kwa uvivu,
na matuta mawili ya mchicha yakaungua ncha.
Hakunigombeza.
Aliuchuma mchicha ule ule, akaupika,
akanipakulia sahani nzima.

Mbolea huletwa na Kupi kwa punda wake watatu,
mbolea ya punda, mgongoni mwa punda.
"Wajibeba wenyewe," husema kila siku,
na kila siku hucheka peke yake.
Nafunga buibui kiunoni, naitandaza kwa mikono,
nanuka zizi hata nikishika mkate wa mofa,
na dada yangu Shamsa amehamisha mto wake
upande wa pili wa chumba.

Langoni pana kibao: CHUMA UTAKACHOKULA LEO.
Aliyekiandika aliishiwa na rangi, LEO imetoka nyembamba,
na watu huisoma wakipenda.
Mama mmoja wa Wiyoni alichuma bilinganya mbili,
akakisoma, akaona haya,
akaipachika moja mtini tena
kana kwamba itashika.

Papai nililihesabia siku mimi.
Mpapai wa kwanza kuzaa, tunda la kwanza kugeuka,
mstari wa manjano chini, mwembamba kama ukucha.
Siku ya tatu, vidole viwili.
Siku ya tano nikamwambia Lali: kesho.
Kesho yake palikuwa na kikonyo,
na utomvu umeganda.

Nikatukana. Mbele ya Bi Barke nikatukana.
Nikasema mwizi, nikasema tutie kufuli,
nikasema maji yangu, kata zangu, ulimi wangu.
Yeye akawa anapalilia.
"Papai hilo. La nani?"
Nikanyamaza.
"La nani?"
"La umma," nikasema, kama anayejibu mtihani.
"Basi umma umekula. Pisha, wakanyaga pilipili."

Siku mbili baadaye, juu ya nguzo ya lango,
kifurushi cha gazeti, kimefungwa kwa ukindu.
Ndani mbegu nyeusi, zimeoshwa,
zimefikichwa utando, zimeanikwa zikakauka.
Nilizihesabu nazo: mia mbili na kumi na moja.
Pembeni mwa gazeti, kwa kalamu ya risasi:
Mama alikula vijiko vinne. Alikuwa hali.
Jina hakuna.

Tulizipanda kwenye pakiti za maziwa
zilizotobolewa chini kwa msumari.
Shule ikafunguliwa kabla hazijatoa kichwa.

Sasa nakaa dawati la tatu, hesabu za pembe,
kucha zangu bado zina weusi ambao ndimu haikuuweza.
Mapumziko nakinga kiganja bombani.
Nyuma wanasukumana, wananiambia fanya haraka,
nami nimefumba macho, maji yamekaa ulimini,
naingoja ile ya nyuma.