Makambako, Dakika Thelathini

Tumekutana darasa la tatu B, Tabata Kisiwani,
magoti yamebanwa na madawati ya watoto,
ubaoni jedwali la saba ambalo hakuna aliyethubutu kulifuta.
Mimi ndiye katibu. Daftari ni langu,
kalamu ni ya Hamdani, na deni la kalamu ni letu sote.

Tunakwenda Mbamba Bay, kuliona Ziwa Nyasa.
Maji mengi yasiyo na chumvi, anasema Twilumba,
na Chande anaguna: maji gani hayo?
Chande hajawahi kuvuka Kibaha.
Ukimwuliza mbali ni wapi, atakwambia
ni Mbezi, siku ya mvua.

Kosta ina viti ishirini na tisa.
Sisi ni thelathini na mmoja, akiwemo Elifuraha
ambaye peke yake ni mmoja na nusu, anisamehe.
Mzee Luambano anataka nusu ya fedha kabla ya kuwasha gari,
na dereva wa pili,
"maana Kitonga haipandwi na usingizi."
Mchango ni elfu themanini kwa kila kichwa.
Hadi leo vichwa tunavyo.

Pilly kauza maandazi wiki sita.
Nuhu kaleta elfu tano na ahadi ndefu kuliko barabara.
Mama yake Rehani katuma ujumbe:
wasichana watalala wapi,
wavulana watalala wapi,
na katikati atalala nani?
Tukamjibu: Mwalimu Stamili.
Akaridhika. Mwalimu Stamili bado hajaambiwa.

"Katibu, tusomee njia."

Nikasoma daftari likiwa limefungwa.
Kuondoka saa kumi alfajiri, ya kweli, si ya harusini.
Chalinze, kujisaidia tu, msinunue kitu.
Msamvu, chai.
Mikumi, mikono ndani, mguu wa dereva uwe mwepesi,
twiga ana bei na sisi hatuna.
Ruaha Mbuyuni, vitunguu;
shusheni bei mpaka muuzaji ageuze mgongo, kisha mwiteni.
Kitonga, kimya. Hata Elifuraha.
Ilula, nyanya. Mafinga, harufu ya mbao,
na baridi inaanza kuwauliza mmevaa nini.
Makambako, dakika thelathini.
Njombe, kulala.

"Kumbe umepita sana huko," akasema Chausiku.
Nikasema sana.
Mimi mwenyewe sijafika Chalinze.

Njia hii niliisikia simuni.
Baba, juu ya lori la mizigo la kwenda Tunduma,
alipiga kila aliposimama:
niko Ruaha, hata pumzi inanuka kitunguu;
niko chini ya Kitonga, nakata, usilale.
Nilikuwa na miaka minane, sikulala,
naweka nukta kwenye kalenda ya duka la dawa.

Halafu simu zikaanza kuishia Makambako.
Mvua, alisema.
Mara nyingine, springi imekatika.
Mara nyingine hakusema, na mama hakuuliza;
kiti chake cha sebuleni kikawa
cha kuwekea nguo zinazosubiri pasi.
Wanasema ana duka la vipuri, njia panda ya Songea.
Wanasema ana binti huko,
ana mwandiko mzuri.

"Makambako nusu saa nzima ya nini?"
Ni Hamdani, mhazini; kwake kila dakika inakunywa dizeli.
"Upepo wa matairi," nikasema. "Na choo."
"Choo nusu saa?"
"Tuko thelathini na mmoja, Hamdani."
Wakacheka. Nami nikacheka, ikabidi.

Walipohamia kubishana juu ya sufuria, nani anayo kubwa,
nilifuta thelathini nikaandika arobaini na tano.
Nikafuta tena.
Mtu anasema nini kwa dakika thelathini?
Mtu anasema nini kwa arobaini na tano?
Nikarudisha thelathini. Karatasi ikatoboka hapo.

Chande akanyoosha mkono, kama mwanafunzi.
"Na kama mtu akichelewa kurudi garini?"

Kosta haisubiri, nikamwambia.
Ni kanuni ya nne.
Niliiandika mwenyewe.